Gridi Ikipinduka

Mawingu yalikuwa yameshatanda juu ya uwanja wa Interlagos, São Paulo nchini Brazil, alasiri ya Ijumaa, tarehe 11 Novemba 2022, na kila mhandisi aliyeketi kwenye ukuta wa piti aliyaona yakisogea kwenye rada. Zilibaki dakika 12 za mwisho za mchujo, zile zinazopanga nafasi kumi za mbele. Timu ya Haas ilimtoa Kevin Magnussen karakanani mapema, akasimama wa kwanza kwenye mdomo wa njia ya piti, magari mengine yakijipanga nyuma yake, taa ikiwa bado nyekundu. Ilipogeuka kijani, dereva huyo wa Denmark alikuwa na njia tupu na lami ambayo bado ilishika. Alizunguka kwa dakika 1 na sekunde 11.674. Max Verstappen, aliyekuwa ameshatwaa ubingwa wa dunia wa mwaka huo, alimfuata kwa pengo la sekunde 0.203. Muda mfupi baadaye George Russell wa Mercedes aliteleza kwenye kona ya nne na kunasa kwenye kokoto, bendera nyekundu zikapepea, na mvua ikashuka. Zilikuwa zimebaki zaidi ya dakika nane, lakini hakuna aliyeweza tena kuukaribia muda wa Magnussen.

Haas iliingia langalanga mwaka 2016 na haikuwa imewahi kushika nafasi ya kwanza ya kuanzia. Magnussen mwenyewe alikuwa nje ya langalanga mwaka mzima wa 2021, akaitwa tena Machi 2022, siku chache kabla ya msimu kuanza. Wahandisi wa timu hiyo walirukaruka karakanani kama watu waliotwaa ubingwa, na walistahili.

Kila mchujo wa namna hii unapotokea, makala za kutangulia mbio huandikwa kwa mtindo uleule. Mgeni wa mbele anapongezwa kwa aya mbili, inasemwa mvua ilimbeba, kisha kalamu inarudi kwa majina ya kila wiki: bingwa atampita kwenye kona ya kwanza na mambo yatakuwa kama kawaida. Mara nyingi utabiri huo unatimia, na ndiyo sababu hauachwi. Tatizo lake ni kwamba haumwambii msomaji chochote. Gari la timu ndogo haliendi mbele bila kitu kulipeleka, na gari la timu kubwa haliporomoki bila kitu kuliporomosha. Kitu hicho hujulikana, au angalau huweza kukisiwa kwa akili, saa nyingi kabla ya taa za kuanzia kuzimika. Anayeandika kuhusu mbio za kesho anapaswa kukitafuta, kisha aulize kama kesho kitakuwepo. Akiishia kwenye neno bahati, ameiacha kazi njiani.

Afrika Mashariki ina nafasi nzuri ya kuifanya kazi hiyo. São Paulo iko nyuma ya Nairobi na Dar es Salaam kwa saa sita. Mbio zinazoanza saa 8 mchana kule zinaonekana huku saa 2 usiku, na gazeti la Jumapili linakuwa limeshasomwa na kukunjwa. Msomaji ana siku nzima ya kuitafakari gridi. Apewe cha kutafakari.

Uwanja wa Interlagos unafaa kuwa shule ya somo hili. Jina lake rasmi ni Autódromo José Carlos Pace, kwa heshima ya dereva wa São Paulo aliyeshinda hapo mwaka 1975 na kufariki kwa ajali ya ndege miaka miwili baadaye. Dunia inauita kwa jina la eneo lake, lililo kati ya mabwawa mawili, Guarapiranga na Billings. Ulifunguliwa mwaka 1940. Njia yake ina kilomita 4.309 tu, huendeshwa kinyume cha mwendo wa saa, hushuka ghafla kwenye kona zinazoitwa kwa jina la dereva Senna, hujipinda katikati ya bonde, kisha hupanda kilima kirefu hadi mbele ya majukwaa. Mzunguko mmoja unachukua dakika moja na sekunde kumi hivi. Kwa ufupi huo magari hubanana kwenye orodha ya muda, na dereva aliyeteleza kidogo tu kwenye kona moja anaweza kujikuta ameshuka nafasi kadhaa. Juu ya hayo kuna mvua ya Novemba, ambayo São Paulo huimwaga alasiri bila kubisha hodi.

Mvua hiyo hutoa amri mbili zinazopingana. Ikiwa inakaribia, mzunguko wa kwanza ndio wa thamani, kwa sababu kila dakika inayopita inaharibu lami. Ikiwa imekwisha na njia inakauka, thamani yote inahamia mzunguko wa mwisho, kwa sababu kila gari linalopita linafyonza maji na kuacha mstari mkavu zaidi kwa linalofuata. Haas walishinda mchujo wa 2022 kwa kutii amri ya kwanza. Miaka 12 kabla yao, kwenye njia hiyohiyo, kijana mmoja wa Ujerumani alikuwa ameitii ya pili.

Nico Hülkenberg alikuwa katika msimu wake wa kwanza, kwenye gari la Williams lenye injini ya Cosworth. Jumamosi ya tarehe 6 Novemba 2010 mvua ilinyesha, ikakatika, na katika dakika za mwisho madereva waliacha tairi za kati, zile za njia yenye majimaji, wakafunga za njia kavu. Tairi hizo hazina mifereji ya kutoa maji. Zikiwa baridi kwenye lami yenye unyevu hazimsaidii mtu. Zinahitaji kupashwa moto kwa kuendesha kwa nguvu, na kuendesha kwa nguvu kabla hazijapata moto ndiko kunakopeleka watu ukutani. Hülkenberg alizipasha haraka kuliko wote. Alikuwa ameshapanda hadi kileleni kabla ya mzunguko wake wa mwisho, na katika mzunguko huo akashuka hadi dakika 1 na sekunde 14.470. Sebastian Vettel, kwenye Red Bull iliyokuwa gari la kasi kuliko yote mwaka huo, alikuwa wa pili kwa dakika 1 na sekunde 15.519. Pengo la sekunde moja na zaidi, kwenye njia fupi kama ile, ni kubwa mno kuitwa bahati. Williams hawakuwa wameanza mbele tangu Nick Heidfeld alipofanya hivyo Nürburgring mwaka 2005.

Sasa lije swali. Kilichompeleka mbele Hülkenberg ni njia iliyokuwa ikikauka, tairi zilizokuwa zikitafuta joto, na ujasiri wa kijana. Jumapili ilipambazuka kavu. Kati ya vitu vile vitatu kilibaki kimoja, na ujasiri peke yake haukutosha kulizuia gari la Red Bull. Vettel alimpita mara tu mbio zilipoanza, Mark Webber akafuata katika mzunguko uleule wa kwanza, na Hülkenberg akamaliza wa nane. Mchambuzi aliyesema angerudi nyuma alikuwa sahihi.

Lakini kulikuwa na jambo kubwa kuliko hilo, nalo lilikuwa wazi tangu Jumamosi jioni. Fernando Alonso wa Ferrari, aliyekuwa akiongoza msimamo wa ubingwa, alipangwa wa tano. Red Bull mbili zilikuwa nafasi ya pili na ya tatu. Zikimpita Hülkenberg mapema, Alonso angemkuta mbele yake dereva asiye na cha kupoteza, kwenye gari lenye kasi nzuri ya mstari ulionyooka, katika uwanja ambao kupita ni kazi. Ndivyo ilivyokuwa. Alonso alikwama nyuma ya Williams hadi mzunguko wa saba, na Red Bull zikakata mbuga. Vettel alishinda, Webber akawa wa pili, Alonso wa tatu, na wiki moja baadaye huko Abu Dhabi Vettel alitwaa ubingwa kwa pointi 256 dhidi ya 252 za Alonso. Haiwezekani kusema mizunguko ile saba ndiyo iliyoamua msimu. Inawezekana kabisa kusema kwamba mgeni wa mbele anastahili kuchunguzwa kwa ajili ya wanaomfuata pia: nani atamwachia njia, nani atamzuia, na nani atapoteza muda akimtafuta.

Wapenzi wa Safari Rally wanalijua jambo hili kwa upande wake wa pili. Kwenye changarawe na vumbi la Naivasha, anayeanza wa kwanza siku ya kwanza ndiye anayeongoza ubingwa, na nafasi hiyo ni mzigo: anafagia udongo uliolegea ili wenzake wa nyuma wapate njia ngumu na yenye mshiko. Kwenye uwanja wa lami mambo ni kinyume. Wa mbele anapata hewa safi, na mvua ikinyesha yeye peke yake ndiye anayeona anakokwenda. Wengine wote wanaendesha ndani ya ukungu wa maji yanayorushwa na magurudumu ya mtu wa mbele yao.

Hilo la kuona ndilo lililoipa Italia mchana wake wa ajabu mwaka 2008. Mchujo wa Monza, Jumamosi ya tarehe 13 Septemba, ulifanyika kwenye mvua, na Vettel akaibuka wa kwanza akiwa na umri wa miaka 21, kwenye gari la Toro Rosso. Timu hiyo ya mji mdogo wa Faenza ilirithi karakana na watu wa Minardi, timu iliyoshiriki langalanga kwa miaka 21 bila kupanda jukwaani hata mara moja. Lewis Hamilton, aliyekuwa akiongoza ubingwa, alipangwa wa 15, na Kimi Räikkönen, bingwa mtetezi, wa 14. Aliyeisoma gridi ile kwa haraka angeona bahati nasibu tupu. Aliyeisoma kwa makini angeona jina moja zaidi: Sébastien Bourdais, dereva wa pili wa Toro Rosso, alikuwa wa nne.

Hapo ndipo pa kuanzia kila mara. Dereva mmoja wa timu ndogo akiwa mbele, huenda ni yeye, huenda ni saa aliyotoka, huenda ni tone la mvua. Wakiwa mbele wote wawili, basi ni gari. Toro Rosso ya Septemba ile ilikuwa nzuri kwenye maji, na utabiri wa hali ya hewa wa Jumapili ulikuwa maji. Bourdais alipata hitilafu kabla ya kuondoka na kupoteza mzunguko mzima. Vettel aliondoka nyuma ya gari la usalama, hakuna mtu wa kumrushia maji usoni, na akashinda kwa zaidi ya sekunde 12 mbele ya Heikki Kovalainen wa McLaren. Akawa mshindi mwenye umri mdogo kuliko wote hadi siku hiyo, miaka 21 na siku 73. Ushindi ule bado unasimuliwa kama muujiza. Ulikuwa ushindi wa timu iliyotengeneza gari zuri na kulipa dereva mzuri, na ushahidi ulikuwa umebandikwa kwenye karatasi ya matokeo saa 24 kabla.

Mwaka uliofuata, Spa nchini Ubelgiji, hapakuwa hata na mvua ya kusingizia. Force India, timu ya Vijay Mallya, haikuwa imepata pointi hata moja tangu ilipoanza mwaka 2008. Tarehe 29 Agosti 2009 Giancarlo Fisichella aliiweka mbele ya kila mtu, kwenye njia kavu. Sababu ilikuwa ya kiufundi na rahisi kueleweka. Gari lile lilipenya hewa vizuri. Lilikuwa dhaifu kwenye viwanja vya kona nyingi za polepole, ambako gari linahitaji hewa ilikandamize chini, ila kwenye njia ndefu za Spa, likisukumwa na injini ya Mercedes, udhaifu huo uligeuka kuwa faida. Njia za Spa hazifupiki kati ya Jumamosi na Jumapili. Na kweli, Fisichella hakupotea. Räikkönen alimpita mapema, baada ya gari la usalama kuondoka, akitumia mfumo wa kuhifadhi nishati ya breki ambao Ferrari walikuwa nao na Force India hawakuwa nao. Fisichella alimfuata hadi mwisho, akamaliza nyuma yake kwa sekunde 0.939. Kama bado kuna aliyedhani ni ajali, wiki mbili baadaye Monza, uwanja mwingine wa njia ndefu, Adrian Sutil aliipeleka Force India nafasi ya pili ya kuanzia na kumaliza wa nne. Fisichella mwenyewe siku hiyo alikuwa ameshahamia Ferrari.

Istanbul 2020 inaongeza tahadhari moja. Lami ilikuwa mpya, mvua ikanyesha juu yake, na Lance Stroll wa Racing Point akawa dereva wa kwanza wa Kanada kuanza mbele tangu Jacques Villeneuve mwaka 1997. Mwenzake Sergio Pérez alikuwa wa tatu, kwa hiyo gari lilikuwa zuri kwa hali ile, na hali ile iliendelea Jumapili. Stroll aliongoza kwa muda mrefu, kisha akaporomoka hadi wa tisa; timu ilisema baadaye kwamba bawa la mbele la gari lake lilikuwa limeharibika upande wa chini. Pérez alimaliza wa pili. Usomaji wa sababu ulikuwa sahihi, faida ikaenda kwa mtu wa pili wa timu ileile. Hamilton aliyeanzia nafasi ya sita alishinda na kutwaa ubingwa wake wa saba, akitumia seti moja ya tairi za kati kwa mizunguko 50 kati ya 58.

Kwa kipimo hichohicho, mchujo wa Magnussen unasomeka bila shida. Mick Schumacher, kwenye Haas ya pili, alikuwa wa 20, wa mwisho kabisa. Basi halikuwa gari. Ulikuwa uamuzi wa kutoka kwanza na kwa tairi sahihi, na utekelezaji usio na kosa wa mzunguko mmoja. Uamuzi wa namna hiyo unamaliza kazi yake pale bendera nyekundu inapopepea. Hauwezi kubebwa hadi kwenye mbio. Jumamosi, katika mbio fupi za mizunguko 24 kwenye njia kavu, Magnussen aliongoza mwanzoni, akapitwa mmoja mmoja, akamaliza wa nane na pointi moja. Jumapili aligongana na Daniel Ricciardo katika mzunguko wa kwanza na kutoka. Msimu ulipokwisha Haas walikuwa wa nane kati ya timu kumi, wakiwa na pointi 37 dhidi ya 35 za AlphaTauri, na katika langalanga nafasi moja ya msimamo wa timu ni fedha nyingi. Kwa timu kama ile, pointi moja ya mbio fupi huhesabiwa.

Kilichofichwa na furaha ya Haas kilikuwa habari kubwa zaidi ya wikiendi ile. Russell, aliyekwama kwenye kokoto, alikuwa na muda wa tatu. Mercedes haikuwa imeshinda mbio hata moja mwaka mzima. Jumamosi Russell alimpita Verstappen na kushinda mbio fupi. Jumapili alishinda tena, ushindi wa kwanza wa maisha yake katika langalanga, na Hamilton akamaliza wa pili. Ulibaki kuwa ushindi pekee wa Mercedes msimu ule. Makala nyingi huweka macho yote kwa mgeni wa mbele, na ni kawaida ya binadamu. Lakini gridi iliyopinduka inahitaji kusomwa yote, hadi chini, kwa sababu mshtuko wa juu hufunika mishtuko mingine.

Aliye chini naye ana sababu zake, na pengine ndizo zenye faida kubwa kwa msomaji. Oktoba 2009 mchujo wa Interlagos ulichukua zaidi ya saa mbili na nusu kwa sababu ya mvua. Rubens Barrichello, mtoto wa São Paulo, aliibuka wa kwanza mbele ya watu wake, na kelele za majukwaa zilikuwa za nchi nzima. Jenson Button, aliyehitaji pointi chache tu kuwa bingwa, alikuwa wa 14. Wote wawili walikuwa wa timu ya Brawn. Gari lilelile, la kwanza na la 14: basi lililomwangusha Button lilikuwa maji, na Jumapili ilikuwa kavu. Alipita mtu baada ya mtu, akamaliza wa tano, na akawa bingwa wa dunia. Webber ndiye aliyeshinda. Barrichello alipasukiwa tairi mwishoni akaangukia nafasi ya nane, na hakuwahi kushinda nyumbani kwake katika maisha yake yote ya udereva, jambo ambalo Wabrazili wengi hawajaacha kulisikitikia.

Mwaka 2024 kisa kiligeuzwa. Mvua ya Jumamosi, tarehe 2 Novemba, ilikuwa kubwa kiasi kwamba mchujo uliahirishwa hadi saa 1:30 asubuhi ya Jumapili, saa chache kabla ya mbio zenyewe. Bendera nyekundu zilitoka mara tano. Lando Norris alikuwa wa kwanza, Russell wa pili, na nyuma yao majina ambayo hayazoeleki pale: Yuki Tsunoda wa tatu, Esteban Ocon wa Alpine wa nne, Liam Lawson wa tano. Verstappen alikamatwa na bendera nyekundu mwishoni mwa sehemu ya pili, akabaki wa 12, na adhabu ya kubadilisha injini ikamsukuma hadi nafasi ya 17. Norris, aliyekuwa nyuma yake kwa pointi 44, alionekana kufunguliwa mlango.

Swali lilelile. Nini kilimwangusha Verstappen? Bendera na adhabu; kasi yake kwenye maji haikupungua hata chembe, na maji yalitabiriwa mchana kutwa. Nini kilimpandisha Ocon? Maji hayohayo, pamoja na gari lililoyapenda. Verstappen alipita gari baada ya gari. Ajali ya Franco Colapinto ilipolazimisha mbio kusimamishwa kwa bendera nyekundu, yeye, Ocon na Pierre Gasly walikuwa hawajaingia piti, wakabadilisha tairi bila kupoteza nafasi. Kukaa njiani kwa tairi zilizochakaa, mvua ikizidi, ilikuwa dau, na walilicheza kwa makusudi. Verstappen alishinda kwa sekunde 19.477. Ocon wa pili, Gasly wa tatu: Alpine ilivuna pointi 33 kwa siku moja na kupanda kutoka nafasi ya tisa hadi ya sita kwenye msimamo wa timu. Norris alimaliza wa sita, na pengo likawa pointi 62.

Baada ya siku ile ingetarajiwa hakuna tena wa kumzika Verstappen kwa sababu ya nafasi ya kuanzia. Mwaka mmoja baadaye, Jumamosi ya tarehe 8 Novemba 2025, ilitokea tena, na safari hii haikuwa mvua wala bendera. Verstappen alitolewa katika sehemu ya kwanza ya mchujo, wa 16, kwa sababu moja tu: gari halikuwa na kasi. Tsunoda, ambaye sasa alikuwa mwenzake Red Bull, alitolewa pia. Magari yote mawili ya timu moja yakiwa chini, kipimo cha Monza kinasema ni gari, na kweli lilikuwa gari. Baada ya mbio fupi za asubuhi, ambazo Verstappen alimaliza wa nne, wahandisi walibadilisha mpangilio wa gari, kama kanuni zinavyoruhusu, na wakapotea njia.

Kwa mtazamo wa haraka, huo ni mwisho. Mvua haikuwa ya kumwokoa, na gari lilikuwa baya. Lakini kilichomwangusha kilikuwa uamuzi wa saa chache tu, na uamuzi hufutika. Kanuni zinakataza kugusa mpangilio wa gari baada ya mchujo, na adhabu ya kuzikiuka ni kuanzia kwenye njia ya piti, nyuma ya kila mtu. Kwa dereva wa nafasi ya 16 bei hiyo ni ndogo. Red Bull waliilipa: walibadilisha mpangilio, wakafunga na injini mpya. Yeyote aliyesoma taarifa hiyo Jumapili alipaswa kujua kwamba gari litakaloanza usiku wa Afrika Mashariki si lile lililoshindwa Jumamosi.

Verstappen alipata pancha mapema na bado alipanda. Alimaliza wa tatu, chini ya nusu sekunde nyuma ya Kimi Antonelli wa Mercedes, huku Norris akishinda kutoka nafasi ya kwanza. Nafasi ya tatu ni pointi 15. Mbio za mwisho za msimu, Abu Dhabi, zilipoanza, Norris alikuwa na pointi 408 na Verstappen 396. Ziondolewe zile 15 za Interlagos na pengo linakuwa 27, wakati ushindi mmoja una thamani ya pointi 25. Mashindano kati yao yangekuwa yamekwisha kabla ya kufika Abu Dhabi. Badala yake Verstappen alishinda huko, Norris akamaliza wa tatu, na ubingwa wa 2025 ukaamuliwa kwa pointi 423 dhidi ya 421.